Tajiri Akiingia Barazani

Kila inapokaribia miaka mitano kutimia, hapa Bagamoyo huanza kuonekana magari ya mizigo ambayo hatukuyazoea. Yanashusha mabati, saruji, jezi za mpira, majiko ya gesi kwa akina mama wa vikoba, mikeka kwa msikiti na vipaza sauti kwa kanisa. Ukiuliza vitu hivyo vimetoka wapi utatajiwa jina la mfanyabiashara fulani. Ukiuliza kwa nini mwaka huu na si mwaka jana, utaonekana mchawi.

Nisingeshika kalamu kwa ajili ya magari hayo, maana ni ya kawaida kutoka Kunduchi hadi Saadani na kwingineko nchini. Nimeishika kwa sababu ya hoja inayotolewa kuyatetea. Nimeisikia barazani Mji Mkongwe, nimeisikia ndani ya daladala, na nimeisikia vinywani mwa watu wazima waliosoma, baadhi yao mikononi mwangu mwenyewe. Wanasema: "Mwalimu, haya si mageni. Hata Sewa Haji alitoa. Hata akina Karimjee walitoa. Tajiri akitoa ashukuriwe, na akitaka ubunge apewe, kwani mwenye mali hana njaa ya kuiba."

Hoja hii ni mbovu, na ubovu wake umejificha nyuma ya majina ya watu waliokufa ambao hawawezi kujisemea. Nitajaribu kuieleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani, kwa kumfuata mtu mmoja ambaye kweli alikuwa tajiri na kweli alikalia kiti cha kutunga sheria, tuone kiti kilimpa nini na mali yake ilimpa nini. Mtu huyo hakuwa wa Bagamoyo. Lakini kwanza tumalizane na wa kwetu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851, akafa mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 46 tu. Hapa Bagamoyo aliuza nguo, shanga, waya, bunduki na baruti kwa waliokuwa wakienda bara, akanunua pembe za ndovu kwa waliokuwa wakirudi. Zaidi ya yote alikuwa mtu wa kukodisha wapagazi. Mzungu akishuka kutoka Unguja akitaka kwenda Tabora au Ujiji, hata awe Stanley mwenyewe, alikuwa hana budi kubisha hodi kwa Sewa Haji. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kiasi cha kilo 30 begani, kwa miezi, mbali na mkeka wake na chakula chake. Wengi hawakurudi. Ndiko utajiri ulikotoka, na ninalisema hili mapema ili msomaji asidhani nataka kumtakasa mtu.

Sasa, mwaka 1892 mtu huyo alitoa nyumba ya ghorofa mjini hapa kwa serikali ya Wajerumani iwe shule. Akaweka sharti: wasome humo watoto wa kila kabila na kila rangi. Tafakari mwaka wenyewe. Ilikuwa haijatimia miaka mitatu tangu Wajerumani wamnyonge Abushiri kule Pangani, Desemba 1889. Mwenye nguvu alikuwa mmoja tu, naye hakuwa akiomba kura. Hapakuwa na kura. Hapakuwa na baraza ambalo Mhindi au Mswahili angeweza kuota kukaa ndani yake. Na hata Wajerumani walipokuja kuunda baraza la kumshauri gavana, mwanzoni mwa karne ya 20, wakalijaza maofisa na walowezi wao. Mtu anaweza kusema Sewa Haji alitaka kupendeza machoni pa serikali, na mimi sitabishana naye. Lakini hilo sharti halikuwa la kumpendeza mtawala. Mtawala wa zama zile alipenda kutenganisha.

Kwa hiyo anayenitajia Sewa Haji kama mfano wa tajiri aliyetoa akapewa uongozi, ananitajia mtu ambaye hakupewa uongozi wowote wala hakuwa na wa kumpa. Mfano huo umeanguka. Tuvuke mpaka, twende kwa yule aliyepewa.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, Bohora, mtoto wa watu wa kawaida, akafika Mombasa mwaka 1890. Waingereza walipoanza kujenga Reli ya Uganda, walihitaji vibarua kutoka Bara Hindi, na Jeevanjee akawa mmoja wa waliopewa kandarasi ya kuwaleta na kuwalisha. Wote waliokuja kwa mikataba ya reli walikuwa kiasi cha 32,000, na waliokufa kazini ni karibu 2,500. Hapa tena, kama kwa Sewa Haji, utajiri umeanzia katika mabega ya watu. Reli ilipofika Nairobi naye alikuwapo. Alijenga maduka, alijenga soko, alijenga nyumba ambazo serikali yenyewe ilikuja kuwa mpangaji wake. Alikuwa na meli. Alianzisha gazeti Mombasa, African Standard, ambalo mwaka 1905 aliwauzia Waingereza wawili. Ndilo mama wa gazeti la Standard linalosomwa Kenya hadi leo. Na kichekesho cha mambo ni kwamba gazeti hilo, likisha kutoka mkononi mwake, likawa sauti ya walowezi, likiwatukana Wahindi kila lilipopata nafasi. Aliuza kinywa chake mwenyewe. Nimekuwa nikiwaambia vijana wanaonunuliwa redio na kurasa za magazeti wakati wa uchaguzi wakikumbuke kisa hiki, lakini haya ni ya pembeni.

Mwaka 1906 Jeevanjee aliutolea mji wa Nairobi bustani katikati ya mji, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Sanamu ilizinduliwa na Mtemi wa Connaught, mtoto wa Malkia huyo. Zawadi moja, lakini ilikuwa na sehemu mbili, na naomba msomaji azitenganishe, kwa maana nitazirudia. Bustani ilikuwa ya watu wapumzike. Sanamu ilikuwa ya kumwambia Mwingereza: mimi ni raia wako mwaminifu, nitendee kama raia.

Mwingereza alijibu nini? Mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya sherehe ile, serikali ya London kupitia Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, ilikubali kwamba ardhi nzuri ya Nyanda za Juu wasipewe Wahindi, iachiwe Wazungu. Wenyewe, yaani Wakikuyu, Wamasai na wengineo, hawakuulizwa kabisa. Basi pale ambapo mtu angetegemea kwamba sanamu ya marumaru ingesaidia kidogo, haikusaidia hata kidogo.

Kisha kikaja kiti. Baraza la Kutunga Sheria la koloni lile lilianza kukutana mwaka 1907, likiwa la Wazungu watupu. Kufikia mwaka 1910 gavana alikuwa amemteua Jeevanjee, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia humo. Leo tungepiga vigelegele. Lakini hebu tutazame kiti chenyewe. Hakuchaguliwa na mtu. Aliteuliwa na yule aliyekuwa mpangaji wa nyumba zake. Alikuwa peke yake. Kila jambo lilipopigiwa kura, kura yake ilikuwa moja. Ardhi ya Nyanda za Juu haikufunguliwa. Kiti kile kilikuwa pambo, na waliompa walijua kuwa ni pambo: walitaka ionekane kuwa Wahindi wana mtu wao, na mtu wao asiweze kitu.

Yeye mwenyewe aliling'amua hilo upesi, na kwa hili namheshimu. Mwaka huohuo wa 1910 alikwenda London akasema na magazeti kuhusu udhalimu waliokuwa wakitendewa watu wake. Maneno aliyoshindwa kuyapatia masikio barazani yakasikika huko. Mwaka 1914, mkutano mkuu wa Wahindi wa Afrika Mashariki ulipoundwa Mombasa, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Kazi ya kweli ya Jeevanjee ilifanyika nje ya Baraza.

Hata hivyo sitaki tumpambe. Mtu huyu alipokuwa London alipendekeza Afrika Mashariki iunganishwe na dola ya India, itawaliwe kutoka huko, Wahindi wapate kuhamia. Hakuuliza sisi tungependa nini. Alidai haki sawa, lakini sawa yake ilikuwa baina ya Mhindi na Mzungu; Mwafrika hakuwamo katika mizani. Ukitaka kuona tofauti, mtazame Manilal Desai, aliyekuja Nairobi baadaye, mtu asiye na mali ya kutajwa. Desai alikuwa na gazeti dogo, East African Chronicle, na Harry Thuku alipokuwa akitafuta mahali pa kuchapia maneno yake dhidi ya kipande na kodi, ni pale alipopata mlango wazi. Desai naye aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akafia Bukoba, upande wetu, mwaka 1926. Hakuacha bustani. Hakuwa nayo ya kuacha.

Nimewauliza vijana wa barazani: kati ya hao wawili, nani mngempa kura? Wakaniambia Jeevanjee, "kwa sababu angeleta maendeleo." Nikauliza yapi, maana tumeshasoma pamoja kwamba barazani hakuleta lolote. Mmoja, kijana mpole anayeuza samaki pale soko la bandarini, akanijibu: "Shikamoo yako iko palepale mwalimu, lakini huyo angalau bustani ipo."

Haya, tuseme bustani ipo. Kweli ipo. Mwaka 1991 walitokea watu wenye nguvu Nairobi waliotaka kuigeuza bustani ya Jeevanjee iwe majengo na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wananchi kupinga. Alikuwa na hoja ambayo mkandarasi hakuweza kuijibu: babu alitoa mahali hapa kwa watu wa Nairobi wapumzike, na si kwa jambo jingine. Bustani ikapona, na mpaka leo watu wasio na fedha ya hoteli hukaa humo adhuhuri, wanahubiri, wanabishana, wanalala. Mwaka 2015 watu wasiojulikana waliivunja sanamu ya Malkia ikabaki bila kichwa. Sehemu mbili za zawadi moja, msomaji. Ile iliyotolewa kwa watu, na ikafungwa kwa sharti, ilipata wa kuitetea miaka 55 baada ya mwenyewe kufa. Ile iliyotolewa kumbembeleza mkubwa haikumsaidia hata akiwa hai. Naye alikufa mwaka 1936, mali yake nyingi ikiwa imekwisha kuondoka.

Nirudi nyumbani. Tanganyika ilipata Baraza lake la Kutunga Sheria mwaka 1926. Wajumbe wasio maofisa walikuwa saba, Wazungu watano na Waasia wawili, wote wateule wa gavana, na sehemu kubwa watu wa biashara na mashamba. Mwafrika hakuingia mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Miaka 19 nchi ilitungiwa sheria ya kodi ya kichwa, ya vibarua, ya mkonge, na wenye mkonge wakiwa ndani na vibarua wakiwa nje. Anayesema kwamba tajiri barazani ni jambo jipya lililoletwa na siku hizi, hajui historia. Na anayesema kwamba kwa kuwa ni la zamani basi ni jema, huyo anaijua nusu, na nusu ni hatari zaidi.

Ukoo wa Karimjee ninaotajiwa kila mara ulitoa ukumbi ule wa Dar es Salaam ambamo Bunge la Tanganyika huru lilikutania, na mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, alikuwa Spika mpaka mwaka 1962 alipompisha Adam Sapi Mkwawa. Sina neno baya nao. Lakini ukumbi ule haukutolewa wiki tatu kabla ya kura za maoni.

Mimi nilikuwa kijana wa sekondari Azimio la Arusha lilipotoka mwaka 1967. Wengi wa wasomaji wangu hawakuwahi kuisoma ile miiko ya uongozi, wanasimuliwa tu kuwa Azimio lilileta njaa. Miiko ilikuwa ya maneno machache: kiongozi, na mbunge akiwa mmoja wao, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yalikuwa makali, na sidai kwamba yote yalitekelezwa. Nawajua waliokuwa na nyumba kwa jina la shemeji. Ila aliyefanya hivyo alijificha, na kujificha kulikuwa ushahidi kwamba aibu ingalipo. Februari 1991 huko Zanzibar chama kililegeza miiko hiyo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikarekebishwa ili ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura usihesabiwe rushwa, na hapo ndipo neno zuri la Kiswahili, takrima, likachafuliwa. Sisi watu wa pwani tumelelewa na takrima: mgeni anakirimiwa kwa kuwa ni mgeni, wala haombwi kitu mlangoni akiondoka. Walichukua adabu yetu wakaifanya kichaka. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2010 ikaja sheria ya gharama za uchaguzi. Basi kwa karatasi tumepona. Magari ya mizigo, kama nilivyosema, bado yanakuja.

Nina kisa changu. Nilipokuwa mkuu wa shule moja ya msingi katika mwambao huu, alikuja mfanyabiashara ambaye simtaji, akaleta mabati 80 kwa ajili ya madarasa mawili ambayo wazazi walikuwa wamekwisha kuyapandisha kwa tofali zao. Kamati ya shule ilifurahi, nami nilifurahi. Watoto walikuwa wakisomea chini ya mwembe, na mvua ya masika haina subira. Lakini alitaka mambo mawili. Jina lake liandikwe kwa rangi ukutani upande wa barabara, na wanafunzi wapangwe mstari kumpokea na bendera za karatasi. Nikamwambia mbele ya kamati kuwa jina lake litaandikwa katika kumbukumbu za kikao pamoja na majina ya wazazi waliofyatua tofali, kila mmoja na idadi yake, na kwamba siku hiyo ya kumpokea ni siku ya mtihani. Hakupenda. Mabati yalikaa stoo. Kura za maoni za chama zikapita, hakuongoza. Juma lililofuata likaja gari lake na vijana wanne, wakayapakia mabati yote 80, wakaondoka nayo. Mlinzi wa shule aliwasaidia kupakia, kwani alidhani yanahamishiwa kwenye jengo.

Kuna mjumbe wa kamati aliyenilaumu mpaka nikastaafu. Alisema ningeruhusu rangi kidogo ukutani, watoto wangekuwa na paa. Sikumdharau. Mzazi ambaye mtoto wake analowa hana wakati wa kusikiliza habari za Nairobi ya mwaka 1906. Lakini jibu langu kwake lilikuwa hili, na ni hilohilo kwa wale wa barazani: yale mabati hayakuwa yetu hata dakika moja. Yalikuwa mali ya mwenyewe yaliyolala kwetu yakisubiri matokeo. Kama angeshinda, yangekuwa deni, na deni hilo lingelipwa Bungeni, siku ambayo muswada wa ardhi ya pwani au wa uvuvi ungeletwa na sisi tusingekuwa na uso wa kumwuliza mbunge wetu amepigia kura upande gani na kwa nini. Mtu uliyekula chake utamhojije?

Kwa hiyo mimi simkatai tajiri kugombea. Katiba inamruhusu, na maskini naye anaweza kuwa mwizi. Ile hoja ya "mwenye mali hana njaa" inaweza kugeuzwa juu chini na bado ikawa ya uongo vilevile. Ninachotaka ni kwamba kamati za shule, za misikiti, za makanisa na za zahanati zijifunze kwa Sewa Haji lile jambo moja ambalo hawalitaji wanapomtaja. Kitu kikitolewa, kitolewe kwa maandishi, siku hiyohiyo, kwa taasisi, na sharti lake liwe linawafaa watakaokitumia. Mtoaji asiyekubali kuandika, arudi na gari lake likiwa bado limejaa, kabla vijana hawajachoka kushusha. Na anayetaka ubunge aje na mikono mitupu atuambie alisema nini hadharani, mwaka ambao hapakuwa na uchaguzi, juu ya mipaka ya mashamba yetu, juu ya bei ya leseni ya ngalawa, juu ya walimu watatu kwa wanafunzi mia tano.

Sewa Haji alijenga pia hospitali Dar es Salaam, ile iliyokuja kurithiwa na Princess Margaret mwaka 1956 na leo ni Muhimbili. Jina lake limebaki kwenye jengo moja la wodi. Mwaka juzi nilimpeleka mke wangu huko. Pale getini, mama mmoja mwenye kapu la chakula alimwuliza askari: "Baba, Sewahaji ni wapi?" Askari akamwelekeza kwa kidole, mama akashukuru, akaenda kumlisha mgonjwa wake.